Kanzu katika Chumba cha Giza

Mliponiaga mwezi uliopita, kwa soda na keki iliyokuwa tamu kuliko hotuba, mmoja wenu aliniomba nimwandikie zile mbinu zetu za zamani. Mbinu zimo kwenye mwongozo uliobandikwa ukutani, na nusu ya kurasa zake nilizibandika mimi mwenyewe. Hapa nitaandika yale ambayo hayakuingia ukutani. Vyeo sitavigusa. Nilipanda polepole kiasi kwamba hata mimi sikuona ninapanda, na mshahara wangu mnaweza kuukisia kwa kuangalia viatu vyangu.

Kwa atakayesoma bila kuijua kazi yetu, niseme kwa ufupi. Mto ukijaa tope, kila mtu humnyooshea kidole jirani. Sisi huchota udongo mwembamba pale unapodhaniwa kuanzia safari, tukautia rangi isiyotoka, tukaurudisha palepale, kisha tukaenda chini ya mto kuutafuta. Macho matupu hayaioni rangi hiyo. Inahitaji chumba cha giza na ile taa tunayoiita lampe noire, yaani taa nyeusi, ambayo mwanga wake ni wa zambarau hafifu. Ukimulika sampuli, punje zenye alama zinawaka kama makaa madogo. Unazihesabu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na mama yangu alikwenda kaburini akiamini kwamba mimi ni muuguzi.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino na mkoba mpya. Nilitegemea vioo na makoti meupe. Nikakabidhiwa ndoo, jembe, na Papa Ramazani.

Papa Ramazani alikuwa fundi mkuu wa maabara. Alizaliwa Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, katika familia ya washonaji waliotoka Maniema zamani, na alitembea wima kama mtu anayepimwa suti. Alinitazama viatu, akasikitika kwa heshima, kisha akauliza:

"Unajua kusonga bukari?"

"Ndiyo, papa." Nani asiyejua kusonga ugali?

"Basi kazi unajua nusu. Kuya huku."

Alinikalisha mbele ya sufuria la udongo uliokaushwa na kusagwa, akamimina rangi, akanipa mwiko. Niliusonga mpaka mikono ikafa ganzi. Ukikauka tukausaga tena, tukauchekecha, tukaufananisha na udongo wa asili kwa kuutia kwenye glasi ya maji ya mto ule ule. Udongo wenye alama ukizama haraka kuliko ndugu zake wasio na alama, haufai kupelekwa popote, kwa sababu utasafiri safari yake peke yake. Papa Ramazani aliweza kukaa mbele ya glasi mbili asubuhi nzima bila kusema neno. Mke wake, Mama Zaina, alisema nyumbani hakuwa hivyo hata kidogo.

Kifaa chake kingine kilikuwa meno. Alichukua udongo kidogo, akautafuna kwa meno ya mbele, akasikiliza. Ukikwaruza ni mchanga mwembamba, ukiteleza ni mfinyanzi. Udongo wa karibu na machimbo hatukuonja kamwe, na ninyi msithubutu. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, kuonja kulikuwa zamu yangu, naye alisimama pembeni akinitazama mdomoni kwa wivu ambao sikuuelewa, maana lilikuwa tope.

Safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa Kasenga, kwenye mto Luapula, mpakani na Zambia. Gati la mitumbwi lilikuwa linajaa tope, wauza samaki wakawa wanatukanana ng'ambo kwa ng'ambo. Papa Ramazani aliniacha nimwage alama ikiwa kavu, kama unga, bila kunionya. Yote ikaelea juu ya maji na kuondoka zake.

"Umetumia Bazambia zawadi," alisema. "Sasa utakumbuka kulowesha."

Nilikumbuka. Tangu siku hiyo, alama yangu ililala ndani ya maji ya mto wake mpaka kesho yake, kabla ya kumwagwa. Papa Ramazani alikuwa na kanuni nyingi za namna hiyo, nyingine hakuzieleza. Mbili ndizo zinazohusu kisa hiki. Ya kwanza: ndani ya chumba cha giza, koti jeusi juu ya nguo, kwa kila mtu, hata waziri. Ya pili: kila sampuli igawanywe, nusu isagwe na kuhesabiwa, nusu ilale kwenye chupa bila kuguswa. Nilimuuliza nusu ile inalala kwa ajili ya nani. Akasema, "Ya siku tutakuwa bajinga."

Siku hiyo ilifika.

Pembeni ya mji kulikuwa na kijito kilichojaza bwawa dogo, na bwawa hilo lilimwagilia bustani za mboga za kata nzima. Bwawa likaanza kufa. Kila mvua lilipokea tope laini, jekundu, mpaka mifereji ikaziba na sombe, yaani kisamvu chetu, likanyauka katikati ya masika, jambo la kuchekesha kwa asiyelila. Watuhumiwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa yadi ya kuosha mawe ya madini, yenye ukuta, mlinzi na mbwa. Wa pili walikuwa wapiga matofali waliochimba udongo wa vichuguu na wa kando ya kijito. Wale hawakuwa na ukuta wala mlinzi. Walikuwa na Mama Kabange.

Mama Kabange alikuwa mjane mwenye mabega ya mchukuzi. Alianza kupiga matofali mumewe alipofariki, na wakati ule tanuru lake liliwalisha watu wengi, wakiwemo waliomdharau kwa kazi ya kiume. Wakuu wa kata walikuwa wameshasema wazi: maabara ikionyesha tope linatoka kwenye mashimo ya matofali, mashimo yatafukiwa, na wapiga matofali wote wataondoka kabla ya kiangazi. Kwa Mama Kabange hakukuwa na mahali pengine. Udongo mzuri hauhami na mtu.

Tulimwaga alama ya rangi ya chungwa chini ya mfereji wa yadi. Kwa mashimo ya matofali tulitaka kijani, lakini kijani kilikuwa kimekwisha na kingine kilikuwa bado bandarini, tukatumia buluu. Mama Kabange alisimama juu ya shimo lake, mikono kiunoni, akitazama tunavyomwaga.

"Dada," aliniambia, "ule budongo yenu itasema bukweli?"

"Budongo haisemake bongo, mama," nikajibu, yaani udongo hausemi uongo. Nilikuwa kijana na nilipenda sentensi nzuri.

Kabla ya kumwaga tulikuwa tumechota tope la bwawa, siku ya Jumatano, kuhakikisha hakuna kitu kinachowaka chenyewe. Lilikuwa safi. Tukangoja mvua. Ikanyesha kubwa Jumamosi usiku, na Jumatatu tukachota tena. Tukakausha, tukasaga, tukatandaza kwenye sahani nyeusi, tukazima taa. Buluu ilikuwa kila mahali. Chungwa nayo ilikuwepo, lakini ungedhani imekuja kutembea tu. Tulihesabu, tukabadilishana sahani, tukahesabu tena. Alhamisi Papa Ramazani alimpelekea mkurugenzi matokeo, na mkurugenzi, ambaye alisukumwa kila siku na simu za watu wakubwa, akampigia mkuu wa kata palepale. Mkutano wa kuyatangaza ukawekwa wiki iliyofuata. Sikulala vizuri. Niliona mabega ya Mama Kabange kila nilipofumba macho, lakini niliamini nilichohesabu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Papa Ramazani alirudi kutoka msikitini mchana, amevaa kanzu yake nyeupe ambayo kaka yake alimshonea. Nilikuwa ndani ya chumba cha giza nikipanga sahani za kuhifadhi, lampe noire imewashwa. Alifungua mlango haraka kuniomba ufunguo wa kabati, akasahau koti jeusi kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Kanzu ikawaka. Kuanzia kola mpaka pindo, buluu, bila kichwa wala miguu, kama nguo iliyokuja yenyewe. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Aliinua mkono wa kanzu, akausogeza polepole mpaka kando ya sahani yangu, akalaza kitambaa karibu na punje. Buluu ilikuwa moja.

"Mumba," aliniita, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kule kwa kamutoni kenye kanaingiaka chini ya mashimo. Bantu banafanyaka nini siku ya posho na siku ya mungu?"

Sikuhitaji kufikiri. Kila mtu wa Lubumbashi anajua, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna aliyekumbuka. Kwenye kijito kidogo kinachoungana na kile chetu, waumini wavaao kanzu nyeupe hukusanyika kila wiki. Jumamosi wanawake hufua kanzu kwenye mawe, wakizipiga kwa sabuni ya unga ile inayoahidi weupe kupita weupe, na Jumapili watu huzamishwa wakibatizwa, wakiimba. Nyimbo zao nilizisikia hata Jumapili ile, siku moja kabla hatujachota. Ndani ya sabuni hiyo mna rangi inayowaka chini ya lampe noire. Ndiyo sababu ya makoti meusi. Tulijilinda na mashati yetu, tukasahau ya wenzetu. Na Jumatano, siku tuliyopima usafi wa bwawa, hakuna anayefua kanzu.

"Leta ile yenye ilikuwa inalala," alisema.

Nikatoa chupa za nusu ya pili, zile zisizosagwa. Tuliweka tope chini ya kioo cha kukuza, yeye akiwa sasa amevaa koti juu ya kanzu, akipumua kwa pua. Hazikuwa punje. Zilikuwa nyuzi, nyuzi fupi laini za pamba, zimejikunja kama nywele kwenye kitana. Kinu chetu ndicho kilichozivunja zikawa nukta. Punje za buluu za kweli, zile za Mama Kabange, tulizitafuta kwa muda mrefu, na tulizozipata zilikuwa chache.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye kijito kile kidogo, mahali ambapo hatukuwahi kumwaga chochote, tukachota tope. Wanawake walikuwa wanafua. Mmoja wao, povu mpaka kwenye viwiko, aliinuka akatuuliza:

"Papa, unatafuta nini mu mayi yetu?"

"Natafuta makosa yangu, mama."

"Ulishapata?"

"Njo ile unafula."

Akatazama kanzu iliyo mkononi mwake, akamtazama mzee, akaamua kwamba ni mgonjwa, akaendelea kupiga. Njiani Papa Ramazani aliniambia, kama mtu anayezungumza na mabega yake, kwamba kumbe dini mbali, sabuni moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia tangu jana yake. Tope la kijito kile liliwaka buluu, nyuzi tupu.

Mkurugenzi hakufurahi. Sitamlaumu, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeshapiga simu.

"Papa Ramazani, résultat nilishaipatiana. Unataka niseme nini sasa?"

"Useme njo miye."

"Batatucheka."

"Bacheke. Lakini mashimo ya ule mama haitafukiwa juu ya kanzu."

Mkurugenzi alisema kama ni hivyo, aseme mwenyewe. Akasema mwenyewe. Mkutanoni uvumi ulikuwa umeshatangulia. Wapiga matofali wawili walikuwa wamekwisha kubeba mbao na vibati vyao wakaondoka. Mama Kabange alikuwa amebaki, amekaa mbele kabisa, uso umefungwa. Papa Ramazani alisimama, akaeleza yote: buluu, sabuni, nyuzi, kinu. Hakumtaja mtu mwingine. Alimaliza hivi:

"Budongo haikutudanganya. Siye njo tulisoma mubaya. Nilikosa."

Meneja wa yadi, aliyevaa saa kubwa, aliguna. "Kesho mutakuya kusema tena kintu ingine."

Lilikuwa jambo la haki kusema, na ndilo lililoniuma. Nilitamani akatae, apandishe sauti, aonyeshe vyeti. Ndipo Mama Kabange akainuka. Nilidhani atashukuru. Hakushukuru.

"Papa, basi sasa siye tutaamini nini? Juzi mulisema ni miye. Leo munasema haina miye. Miye niko tu napika matofali, lampe sina."

Papa Ramazani akamjibu, "Mama, kuya uhesabu pamoja na siye. Na weye, chef wa yadi, kuya."

Hivyo ndivyo ulivyoanza ule utaratibu mnaoulalamikia, wa kuwaita wahusika wote ndani ya chumba cha giza kila tunapohesabu. Najua chumba kinajaa na kunanuka jasho. Vumilieni.

Kijani kilipofika tulirudia kazi yote. Tulichota tope la usafi kila siku ya wiki, pamoja na Jumamosi na Jumapili, tukahesabu bila kusaga. Mama Kabange alikuja na kitambaa cheupe kichwani, kisafi kama cha harusi. Nikasahau kumwonya. Taa ilipozimwa na lampe kuwashwa, kichwa chake kikawa taa ya pili chumbani. Alishika kitambaa, akakitazama, akaangua kicheko kilichomlazimisha hata meneja wa yadi kucheka.

"Kumbe miye mwenyewe niko bleu!"

Kisha akakivua, akavaa koti, akainama kwenye kioo. Chungwa ilikuwa nyingi. Haikuhitaji maelezo, na meneja aliacha kuangalia saa yake. Lakini katikati ya chungwa, hapa na pale, palikuwa na kijani. Mama Kabange aliiona kabla yetu.

"Na iyi? Iyi njo ya kwangu?"

Nilimtazama Papa Ramazani. Ungekuwa wakati rahisi wa kusema ni kidogo, haina neno. Akasema, "Njo yako, mama."

Mama Kabange aliinama tena kwenye kioo. "Sawa," alisema hatimaye. "Yangu nitafunga. Na ya ule?" Akamnyooshea meneja kidole gizani, na kidole kilimpata.

Kabla ya mvua za mwaka uliofuata alikuwa amejenga ukuta mfupi wa vipande vya matofali yaliyovunjika, kuzunguka mashimo yake yote. Yadi ilichimba bwawa la kutuliza tope, baada ya barua nyingi na mikutano ambayo sitaki kuikumbuka. Bwawa la bustani lilipona, si kabisa, lakini sombe lilirudi. Mashimo ya Mama Kabange hayakufukiwa.

Baada ya hapo nilifanya kazi nyingine nyingi. Tulitumia chembe za chuma na sumaku, ambazo ziliokota misumari zaidi ya sumaku yoyote mjini. Tulijaribu alama za metali adimu zinazohitaji mashine iliyo nchi nyingine na subira ya mtawa. Nilikwenda mpaka Mitwaba kwa ajili ya mfereji wa mashamba, gari likakwama mara nyingi kuliko alama. Lakini kila nilipoweka sahani chini ya taa, niliziona zile nyuzi kwanza.

Papa Ramazani alistaafu, akarudi kukaa dukani kwa kaka yake akikosoa mishono. Alipofariki, msiba ulikuwa Kamalondo, barabara imefungwa kwa viti. Nilikaa na wanawake. Mchana aliingia mama mmoja mkubwa wa mabega, amezeeka, akasaidiwa kukaa. Alikuwa Mama Kabange. Mama Zaina hakumjua, akamuuliza kwa upole alikuwa nani kwa marehemu.

"Uyu papa aliniambia 'nilikosa' mbele ya bantu," alijibu. "Bwana yangu, Mungu amurehemu, tuliishi naye mpaka kufa kwake, hakunisemea vile ata siku moja."

Wanawake wakacheka, kisha wakalia, na mimi nikalia kuliko wote, maana baba huyu hakuwa baba yangu na bado alikuwa baba yangu.

Baada ya arobaini Mama Zaina alinipa furushi. Ilikuwa ile kanzu. Alisema nguo nyingine zimegawiwa, lakini hii marehemu aliiagiza iende kazini. Ndiyo hiyo inayoning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha giza, mnayodhani ni ya mlinzi. Ndiyo maana nilimlazimisha kila mgeni wa kazi kuimulika kabla ya kuhesabu chochote, na ndiyo maana mliniona nikiipeleka nyumbani kuifua kwa sabuni ileile ya unga, isiache kuwaka, mkadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Wiki iliyopita nilikuja kurudisha ufunguo. Kwenye benchi la nje alikuwepo mama mmoja wa bustani za mboga, mkoba magotini, akingoja majibu ya kijito chao. Mmoja wenu alitoka mbio na karatasi mkononi, uso umejaa furaha ya mtu aliyemaliza. Nikamuuliza kama ameshaimulika kanzu. Akageuka na karatasi yake, akarudi ndani. Mlango ukajifunga.

"Ameenda kufanya nini tena?" mama akauliza. "Si alishamaliza?"

"Ameenda kuangalia kanzu, mama."

Alinitazama kana kwamba akili zangu nazo zimestaafu. Kisha akasogeza mkoba wake, nikakaa kando yake, tukangoja.